Mguno wa Pande Mbili

Jumatatu, 9 Juni
Nimefika kwenye mkutano wa dunia wa kanuni za intaneti. Mimi! Mhandisi wa ofisi ya mawasiliano. Mwanasheria wetu, Miwani, kaja kama msaidizi wangu na uso kaukunja. Kwetu waya wa baharini unaoleta intaneti ni mmoja tu, na umekatika tena. Binti yangu ana mtihani wa mtandaoni Ijumaa. Nimemwahidi sitarudi bila waya mpya.

Jumanne, 10 Juni
Mataifa makubwa mawili yanagombea usukani wa intaneti, kila moja na kanuni zake. La kwanza limeniahidi waya nikiliunga mkono. Nikakubali. Baada ya chai, la pili nalo likaniahidi waya. Ningekataaje? Miwani akasema mshika mbili moja humponyoka. Wivu tu!

Jumatano, 11 Juni
Nimepata dawa! Hapa hawanyooshi mikono. Ni desturi ya wahandisi: mwenyekiti anauliza, wanaokubali wanaguna midomo imefumbwa, yeye anapima kwa sikio wapi kumevuma zaidi. Nani atajua nimeguna mara mbili? Nimefanya mazoezi bafuni. Jirani kagonga ukuta kuuliza kama naumwa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwisha. Niliguna kwa la kwanza. Nikaguna kwa la pili, tena kwa moyo wote. Kipaza sauti changu kilikuwa wazi! Nilikiwasha mwenyewe asubuhi, nisalimie ukumbi, nikasahau kukizima. Ukumbi mzima ukanguruma kwa sauti yangu, mara zote mbili. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole niko upande gani. Nikaguna tena. Sijui kwa nini. Wajumbe wa pande zote hawanisalimii. Waya hakuna.

Ijumaa, 13 Juni
Mke wangu kapiga simu. Mtandao haukurudi. Binti kakaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili hadi saa sita, kavaa sare, kachana nywele. Mtihani ukafungwa. Kasema baba aambiwe asijali, anajua baba anahangaika kwa ajili yake. Nimelia mpaka Miwani akaniletea maji. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 15 Juni
Uwanja wa ndege. Miwani kasinzia. Nimekaa na mjumbe wa taifa la tatu, wao wana setilaiti za intaneti. Nimemwahidi tutawaunga mkono mwakani. Mpinzani wake kaketi safu ya nyuma, naye nimemwahidi. Kosa lilikuwa kipaza sauti tu.