Mashine ya Kutembea Bila Kufika

Leo nimeumbuka, jamani. Na mwenye ugonjwa wa moyo si mimi.

Miezi miwili iliyopita baba alipata mshtuko wa moyo. Tangu hapo ni foleni, vidonge, foleni. Leo ilikuwa zamu ya kipimo cha kutembea: unabandikwa nyaya kifuani, unapanda mashine yenye mkanda unaokwenda chini ya miguu, daktari anaangalia kama mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Nimetoka Makambako alfajiri, ukungu mzito, usingizi haba. Baba ametokea Kifanya na mabuti yake ya shambani. Tukakutana hospitali, Njombe.

Akaitazama mashine. Akaketi.

"Natembea, halafu sifiki?"

"Ndiyo, Baba. Ni kipimo tu."

"Basi mimi sijawa mwehu. Twende nyumbani."

Lakini si mashine iliyomtisha. Aliogopa majibu.

Hapo kiherehere kikanipanda. "Dokta, niruhusu nimwonyeshe." (Mimi, ninayeandika riwaya kitandani! Mimi, ambaye zoezi langu ni kufuata chaja!) Nikapanda kwa madaha, huku nahubiri: "Ona, Baba, ni kama kupanda kilima cha kwetu asubuhi, umande ukiwa bado..."

Kilima kikainuka kweli. Mkanda ukaongeza kasi. Umande ukahamia kwapani. Dakika ya nne nikapiga yowe: "Zima! Zimaaa!" Nikashushwa, nikalazwa kwenye kitanda cha mgonjwa, ulimi nje.

Mlango ukafunguka. Akaingia daktari mkubwa, akanitazama kwa huruma, akamgeukia baba na kumsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mzee. Pole. Huyu mgonjwa wako ameanza lini?"

"Huyu? Tangu aanze kuandika vitabu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Baba naye alicheka, na sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu augue. Kisha akavua mabuti.

"Lete raba zako." (Miguu yetu inalingana, ole wangu.)

Akatembea dakika nane, taratibu, kama anayekagua mahindi, mpaka kifua kilipombana na daktari akasimamisha.

Majibu yanachosha: inaonekana mishipa imebana. Inabidi aende Dar, ikapigwe picha kwa ndani. Nikasubiri akatae. Akainama, akazitazama raba.

"Hizi nabaki nazo. Za safari."

Nimerudi Makambako na mabuti yenye tope la Kifanya, stendi nzima ikinikodolea macho. Anayetaka kucheka, akapande ile mashine kwanza.