Ng'ombe wa Mahari Aliyebadilishwa Rangi

Kasulu

YAH: OMBI LA KUMREKEBISHA NG'OMBE

Ndugu Fundi Rashid,

Nakusalimu, na kazi yako naishukuru. Marehemu baba yangu, Mzee Kipriani, kwenye ile picha ya mwaka aliooa nimemjua akiwa wa kijivu maisha yangu yote. Uliponionyesha kwenye kompyuta uso wake una rangi, na koti la bluu, nililia mbele ya wateja wako na sioni aibu kusema. Tatizo si baba. Tatizo ni ng'ombe.

Kama ulivyoona, baba ameshika kamba ya ng'ombe, tayari kumpeleka ukweni, Buhigwe. Makubaliano yalikuwa ng'ombe mwekundu. Wajomba zangu wamedai miaka yote kwamba hakufika, na sisi miaka yote tumewajibu kwa kuwaonyesha picha hiyo. Kwa kuwa haikuwa na rangi, tuliishi kwa amani. Wewe umempa ng'ombe mabaka meusi na meupe, nami nikaitundika sebuleni bila kufikiri. Matokeo ni haya:

1. Wajomba walikuja kumsalimia mama, wakaitazama picha, wakakataa chai. Wanasema huyo siye waliyeahidiwa, na kwamba ushahidi tumewapa wenyewe, tena ndani ya fremu.

2. Wanasema mahari haikukamilika, kwa hiyo mama yangu Ernesta, ambaye mtaa mzima unamwita bibi, bado ni binti wa kwao. Tangu Jumatatu wamekaa sebuleni wakisubiri afungashe.

3. Kama mama hakuolewa, basi mimi nahesabiwa upande wa wajomba, na shamba la baba la migomba na kahawa si langu. Baba mdogo amelisikia hilo. Tangu jana analipima shamba kwa hatua, yeye ambaye kila siku analalamika magoti.

4. Mke wangu Loyce, ambaye kwao ni Murungu, ameuliza: kama sina ukoo, wale waliopeleka mahari kwao walikuwa akina nani? Sasa anaongea na mama yake kwa simu, spika wazi.

Uliniambia rangi inachagua programu yenyewe, kwa kuwa imejifunza kwa kutazama picha za ng'ombe wengi wa duniani. Nakuuliza kwa heshima, hao ng'ombe wa duniani wanahusikaje na mahari ya Waha? Enzi hizo hapa kwetu nani alikuwa na ng'ombe wa kisasa wa maziwa?

Hivyo naomba umpake wekundu uliokolea, kama udongo wetu, upige muhuri wa studio, kisha uje mwenyewe kuwathibitishia wajomba kwamba kosa ni la mashine. Chakula utakikuta.

Nisalimie mkeo, watoto, Apoline wa mapokezi na yule fundi viatu wa hapo mlangoni kwako.

Ni mimi ninayeteseka kwa ajili ya ng'ombe,
Longinus Kipriani,
Mwalimu mstaafu

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii kabla ya kufunga bahasha. Amecheka hadi akashika ukuta. Anasema ng'ombe yule aliazimwa kwa jirani kwa ajili ya picha tu, na jioni akarudishwa. Baba hakuwa na ng'ombe wa rangi yoyote. Mama alijua, na akamfuata hivyo hivyo. Kwa hiyo usimpake chochote, mfute kabisa, na mkononi mwa baba weka maua. Tafadhali fanya haraka, maana mama ameshavaa kandambili anataka kwenda sebuleni kuwaeleza mwenyewe.