Mkaguzi wa Ndimi na Pengo Lake

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata njia! Nafasi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndimi iko wazi. Tunaoiwania ni wawili: mimi wa lango la kwanza, na yule wa lango la pili tunayemwita Tochi, kwa sababu alijitafutia tochi yake mwenyewe. Sisi wengine tumepewa kijiko tu. Anajiona!

Kazi yenyewe si ngumu. Kila asubuhi wafanyakazi wa kiwanda chetu cha viatu wanapanga foleni. Muuguzi anawapa kidonge cha tulizo, wanameza, wananifungulia mdomo. Nainua ulimi kwa kijiko. Kidonge kikiwa kimeshuka naandika "Mwenye furaha". Kikiwa kimefichwa, mtu anapelekwa Nyumba ya Mapumziko. Siku ya tatu anadungwa sindano, anarudi kazini laini kama mto wa kulalia.

Tatizo: wakaguzi nasi tunameza. Aliyemeza huona kila ulimi mzuri. Mwaka mzima sijakamata mtu. Tochi kakamata wawili.

Basi mimi sitameza! Nina pengo la gego upande wa kushoto, na kidonge kinakaa humo kama kilichopimwa. Nani atamkagua mkaguzi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 5 Machi

Nimetema cha pili chooni. Macho yamefunguka! Kumbe ukuta wa kiwanda haukupakwa rangi ya dhahabu. Ni uchafu. Na wimbo wetu wa asubuhi una mstari mmoja tu, unarudiwa mara arobaini, na anayeuimba kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Masikio yamenichoma. Nimekaa nikijiuliza hii ni homa gani, hadi nikakumbuka. Ni aibu.

Baada ya hiyo, nyingine zikapanga foleni. Nimekumbuka nilivyomwambia muuguzi, mbele ya watu, kwamba kwa umri wake bado ana miguu mizuri. Nimeenda mbio kumwomba radhi. Akacheka, akasema hakumbuki, na kwamba hata yangu si mibaya. Sasa utamwombaje radhi mtu asiyeumia? Nimerudi na aibu yangu vilevile nilivyoenda nayo.

Jumatano, 6 Machi

Nilikuwa nakwepa kumbukumbu moja. Leo imenikamata nikipiga mswaki.

Mazishi ya shemeji, mume wa dada yangu. Alikuwa mkata ngozi pale kiwandani, alifariki mwaka jana. Siku ile tulipewa vidonge viwili viwili. Nikasimama kando ya kaburi nikatoa mzaha kuhusu upara wake. Watu wakapiga makofi. Dada alicheka hadi akashika mbavu. Dada huyu aliyenilea, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini!

Nimeukumbuka mzaha wote, neno kwa neno. Haukuwa hata mzuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umefanya kazi. Laiti usingefanya!

Dada yuko benchi la gundi, hupita lango langu. Leo nimeinua ulimi wake, nikakiona: kidonge, kati ya shavu na ufizi. Wala hakukificha sana. Nadhani kimekuwa kikikaa hapo kila asubuhi, mbele ya kijiko changu, mwaka mzima. Macho yetu yamekutana. Hakuniomba kitu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokojoa kitandani, akingoja niseme mwenyewe. Nimeandika "Mwenye furaha".

Jioni nimemfuata kwake. Kofia ya shemeji bado inaning'inia msumarini. Dada akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile ya mazishi alicheka, na kesho yake akajikuta hakumbuki sura ya mumewe. Tangu hapo hajameza. Analia kidogo kila jioni, akasema, na akilia anamwona. Akaniomba, mdogo wangu, hiki kimoja wasininyang'anye.

Nimeapa sitasema. Nilitaka pia kumwomba radhi kwa ule mzaha. Ulimi ukagoma. Nikamsifu kwamba kitasa chake kinafunga vizuri. Kitasa! Mjinga wa mwisho mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Meneja alikuja langoni kututazama kazini, Tochi akiwa nyuma yake. Dada akafika, akafungua mdomo. Kilichotakiwa ni maneno mawili tu niliyoyaandika maelfu ya mara. Lakini aibu ilikuwa imenijaa hadi kooni, na nilipomwona ananiamini ikamwagika. Nikasikia mdomo wangu ukisema: Dada, nisamehe.

Ningekomea hapo! Nikaendelea. Nikasema nisamehe kwa ule mzaha wa kaburini. Nisamehe kwa kuwa jana nilikiona kidonge shavuni nikashindwa hata kukwambia pole. Na usiwe na wasiwasi, siri yako iko salama kwangu. Yote hayo kwa sauti ileile ya kuimbia. Foleni nzima ikapiga makofi. Wao hupigia makofi chochote.

Tochi akawasha tochi.

Dada hakunitukana. Alisema yameisha, amenisamehe, na nisisahau kufunga madirisha yake mvua ikija. Wakamchukua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimepata msamaha kwa mtu mwenye akili timamu, na nimemponza palepale.

Haijaisha. Meneja alinipiga bega. Akasema hajawahi kuona mbinu kama ile: kumlainisha dada yako mwenyewe kwa toba, kisha kumfichua hadharani! Nafasi ni yangu. Nilipaswa kukataa. Nilisema asante. Tena mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Kuna tumaini! Nimesoma kitabu cha kanuni za cheo changu kipya. Mkaguzi Mkuu akitia saini fomu ya kijani kwamba alikosea, mtu anaachiwa kabla ya sindano. Sindano ya dada ni kesho adhuhuri. Cheo nitanyang'anywa, Tochi atakichukua. Akichukue, akivae kichwani!

Fomu ninayo mezani. Nimejaza jina lake. Imebaki saini.

Saa sita mchana. Mkono unatetemeka. Nimejaribu saini kwenye gazeti, inatoka kama njia ya siafu. Wataikataa. Kila nikishika kalamu nasikia yale makofi.

Saa saba. Hapana, si kumeza. Nusu tu ya kidonge cha leo, ambacho sijakitupa bado, ya kutuliza mkono, nitie saini, nikimbie. Ni kwa ajili yake.

Saa saba na nusu. Mkono umetulia kabisa! Mwandiko mzuri. Karatasi hii ya kijani ni ngumu, imara. Meza ilikuwa ikiyumba mguu mmoja, nimeikunja nikaiweka chini yake. Sasa haiyumbi. Nimemeza na ile nusu nyingine, si vizuri kutupa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nzuri! Dada amerudi kazini, kanenepa uso. Ulimi msafi kabisa. Nimeandika "Mwenye furaha".

Nimempitia jioni. Mvua ilikuwa imeingia madirishani, tukacheka. Akaniuliza ile kofia msumarini ni ya nani. Nikasema sijui. Akaijaribu kichwani kwangu, ikanienea, akaniambia niichukue, anataka msumari wa kutundikia mwavuli.

Habari kubwa: nafasi ya Mkaguzi wa Viwanda Vyote iko wazi! Tochi naye anaitaka. Nimekaa nikiwaza, mara nimeliona daftari hili chini ya sinki. Mwandiko kama wangu. Jamaa analalamika huyo! Nimecheka hadi machozi. Lakini ukurasa wa kwanza una wazo zuri sana, lile la pengo la gego. Sijui kwa nini alilichezea.

Kesho naanza. Wa kwanza kwenye foleni yangu ni dada, nitaanza kwa kumtazama yeye vizuri. Safari hii hakuna kitakachoharibika. Sina hata jambo moja la kuonea aibu.