Kumbi Tatu na Jina la Mjukuu

Jumatatu, 4 Novemba

Tumekwama. Ukungu! Mzito kama uji. Ndege zote zimetulia chini kama kuku wanaoatamia. Kipaza sauti kimetangaza kwamba sisi tutaondoka Alhamisi, saa nane mchana. Shirika limetupa vyumba katika hoteli iliyo humu humu uwanjani, na kila mmoja kuponi ya kuingia mara moja katika ukumbi wa mapumziko wa chini.

Nieleze kidogo, kwa faida ya atakayeliokota daftari hili. Ukumbi wa mapumziko, ambao vijana huuita launji, ni sebule ya wasafiri waliobahatika. Viti laini, chai haikatiki, na watu huzungumza kama wamo maktabani. Wasiobahatika hukaa nje kwenye viti vya chuma na kuchungulia kila mlango ukifunguliwa. Uwanja huu una kumbi tatu: wa Chini, wa Ghorofani, na wa Kimya.

Nasi tuko watatu. Mimi, mkaguzi wa shule mstaafu. Mke wangu, mshonaji, ambaye sasa anafuma sweta ya mtoto. Na Mkwe, baba wa mume wa binti yetu, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini, na hakuna abiria humu ambaye hajaambiwa. Tunakwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Msichana! Ana siku kumi, hana jina. Mimi nataka aitwe kwa jina la mama yangu. Mkwe anataka la mama yake. Tumebishana kwenye simu mpaka binti yangu akasema basi, tukubaliane wenyewe, kwa sababu Ijumaa jioni mtoto anaandikishwa kwa karani wa vizazi, iwe mvua, iwe jua.

Nikapata wazo. Zuri sana! Tukague kumbi zote tatu, kila mmoja atetee ule anaouona bora. Ambaye ukumbi wake utashinda, ndiye atakayempa mtoto jina. Mkwe amekubali. Mke wangu amekubali kuwa hakimu, bila kuinua macho kwenye sindano zake.

Jambo dogo kuhusu saa. Saa yangu iko ndani ya sanduku, na sanduku limo tumboni mwa ndege. Simu anayo mke wangu. Mkwe ana saa yake ya mfukoni, yenye mnyororo, nayo inasoma saa ya nyumbani. Hataki kuigusa. Amesema saa hiyo imeongoza treni elfu kadhaa, haiwezi kuongozwa na uwanja wa ndege. Sikumlaumu. Nikamweleza kwa subira kwamba dunia huzunguka nyuzi kumi na tano kila saa. Sisi tumesafiri kuelekea mashariki. Jua nalo huanzia mashariki. Maana yake tumelirudia jua kule lilikoanzia, hivyo kwenye saa yake tunapunguza saa moja. Rahisi! Mke wangu akauliza mbona saa ya ukutani inasema vingine. Nikaitazama. Iko mbele kwa saa mbili nzima. Uwanja mkubwa namna hii! Nimeanza kuandika ripoti.

Jumanne, 5 Novemba

Ukumbi wa Chini, kwa kuponi. Mlangoni pameandikwa kwamba kifungua kinywa ni hadi saa nne. Tumefika saa mbili na nusu, kwa hesabu yangu, tukakuta wanafuta meza! Nikamwambia mhudumu kwamba katika kazi yangu nimewahi kufunga shule kwa uzembe mdogo kuliko huo. Akanipa biskuti. Viti, alama saba. Chai, sita. Uaminifu kuhusu wakati, sifuri.

Ukumbi wa Ghorofani una ngazi yake ya vioo, na haukubali kuponi. Wanataka kadi ya dhahabu. Kadi ya dhahabu sina, lakini nina kitambulisho changu cha zamani, chenye mhuri. Nikavaa koti, nikabeba faili, nikasimama mbele ya binti wa mapokezi na kusema neno moja tu: mkaguzi. Sikudanganya. Binti akasimama wima. Akapiga simu. Akaja meneja mbio, anafunga vifungo vya shati, akasema walikuwa wananitegemea wiki ijayo, karibu mzee, tafadhali. Nikajiona nimeshinda.

Kumbe walikuwa wanamtegemea mkaguzi wa jikoni! Nimevishwa kofia ya plastiki. Nimefunguliwa majokofu kumi na manne. Nimeonyeshwa mitego ya panya, mmoja mmoja, na historia yake. Saa mbili na nusu! Tone la chai sijaonja. Na kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani, nikamwona nani? Mkwe! Ndani ya ukumbi, amejilaza kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, kipande cha keki mkononi. Alikuwa amejifanya anachechemea, mhudumu mmoja mwenye huruma akamsukuma moja kwa moja hadi juu. Akanipungia mkono kwa uma. Nimeambiwa baadaye alimwomba mhudumu amletee yule mpishi mwenye miwani, yaani mimi, ampongeze.

Nimesaini kwamba majokofu ni mazuri. Ni mazuri kweli.

Jumatano, 6 Novemba

Nami nikachechemea. Kama ni mchezo, basi ni mchezo. Nilichagua mguu wa kushoto, nikauuguza kwa ustadi mbele ya mhudumu yule yule. Akaleta kiti cha magurudumu, akanifunika blanketi. Nikaketi kama sultani. Tukaipita ngazi ya vioo. Nikamkumbusha kwa upole kwamba tumeipita. Akasema, tulia babu, naona una maumivu.

Kliniki! Muuguzi mwenye mikono ya barafu akanipima mguu na kuukuta mzima, akanipima presha na kuikuta imepanda. Akaniuliza kama nina jambo linalonisumbua. Nikamweleza habari za Mkwe tangu mwanzo. Akaipima tena, imepanda zaidi. Nimekatazwa sukari siku tatu.

Lakini leo hata Mkwe hakuchomoka. Alikuwa juu kwenye kiti chake lilipopita sinia la keki za moto. Akasahau. Akaruka! Hatua nne ndefu, mbio, hadi kwenye sinia. Ukumbi mzima ukapiga makofi kwa muujiza huo, na mhudumu akakichukua kiti chake kumpelekea mwenye kukihitaji. Akaonyeshwa ngazi. Aliteremka akiwa bado na keki mbili mfukoni. Nikasema mpiga filimbi amepigiwa filimbi. Akajibu kwamba angalau yeye hakuvishwa kofia.

Alasiri tulimkuta mke wangu na kuketi naye, sote wawili tumenuna. Tukamweleza kwamba sasa umebaki Ukumbi wa Kimya, na huo bila shaka una ulinzi mkali. Akasema mlangoni pameandikwa kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka sitini na tano huingia bure. Amekuwa akinywa chai yake humo tangu Jumatatu. Tukamuuliza mbona hakutuambia. Akasema hatukumuuliza.

Alhamisi, 7 Novemba

Ukungu umeondoka! Mbingu safi. Tumeingia Ukumbi wa Kimya, sote watatu, kwa heshima zetu zote.

Nimekagua shule zaidi ya mia nne maishani, sijawahi kuona mahali kama hapa. Zulia linameza nyayo. Viti vinakupokea kama shangazi aliyekukosa miaka mingi. Kuna kibao cha shaba: SAFARI HAZITANGAZWI HUMU. Nikakisoma mara mbili kwa furaha. Hakuna kipaza sauti, hakuna kelele! Ukimya, kumi kwa kumi. Mkwe naye alikuwa akiandika kumi. Hapo ndipo tatizo likazuka. Sote tunautetea ukumbi mmoja! Nikamnong'oneza kwamba mimi ndiye niliyetangulia kuingia mlangoni. Akanong'ona kwamba nilitangulia kwa sababu alinishikia mlango. Tukanong'onezana hivyo mpaka bwana mmoja akaomba kuhamishiwa mbali.

Mke wangu akakunja sweta yake, akasema twende mlangoni pa ndege, muda umefika. Mkwe akatoa saa: saa sita kasoro robo. Nikapunguza: saa tano kasoro robo. Nikamweleza mke wangu, kwa upole, kwamba ndege ni saa nane na haraka huchosha moyo. Akatueleza tena habari za saa ya ukutani. Nikamweleza tena habari za jua. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Akasema haya, wazee wangu, yeye anafuata saa ya ndege, si ya treni. Na hukumu yake ataitoa akifika. Akaondoka na mkoba wake.

Tuliamua kutafuta la kuamua kati yetu kabla ya safari. Tukapima viti upya, macho tumeyafumba, ili tuwe waadilifu. Tuliendelea kuwa waadilifu kwa muda mrefu.

Tulitoka saa saba na robo, kwa hesabu yangu. Mapema mno, nilimwambia Mkwe. Mlangoni pa ndege hapakuwa na mtu, ila mfanya usafi na ufagio wake. Akasema pole wazee, ndege imepaa zaidi ya saa moja iliyopita.

Kabla ya wakati! Karibu saa mbili kabla! Mkwe akakaa kwenye kiti cha chuma. Akasema katika miaka thelathini hajaona chombo kikiondoka kabla ya wakati. Nimeliandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Wametupa nafasi kwenye ndege ya kesho, saa nane mchana tena. Binti wa mapokezi ametupigia simu nyumbani kwa mwanangu. Tukabanana masikio kwenye simu moja, Mkwe na mimi, kama watoto.

Mke wangu amefika salama. Amembeba mtoto. Leo wamekwenda kwa karani wa vizazi, na jina limeandikwa. Nikauliza jina gani. Akasema kwanza hukumu: kati ya mahali pote alipokaa katika uwanja ule, bora ni kile kiti cha chuma kilicho mlangoni pa ndege. Kumi kwa kumi, maana kinafikisha. Na aliyekitetea ni yeye peke yake. Kwa kanuni zetu wenyewe, ameshinda.

Mtoto ameitwa kwa jina la mke wangu.

 Kisha mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, kavu, kama kufunguka kwa bahasha! Macho yangu yakalowa, na ya Mkwe pia, nimeyaona. Akasema chafya hiyo ni ya upande wao. Sikumbishia. Basi, nilimbishia, lakini kwa furaha. Tulicheka mpaka binti wa mapokezi akaichukua simu yake.

Kisha binti yangu akasema maneno ambayo huenda sasa anayajutia. Jina la kati bado liko wazi.

Jumamosi, 9 Novemba

Upo ukumbi wa nne! Mfanya usafi ndiye aliyetudokeza. Uko mwisho kabisa wa jengo, na wazee huingia bure. Mapazia mazito, viti vinavyolala, wala saa ya ukutani ya kupotosha watu haimo. Safari hazitangazwi. Nimeupa kumi na moja kwa kumi. Mkwe anashikilia kumi na mbili. Mwenye hoja bora kabla ya safari ndiye atakayetoa jina la kati, na ninazo hoja sita zilizopangwa vizuri.

Hatuna haraka. Ndege ni saa nane. Saa ya Mkwe inasema saa saba na nusu. Nimepunguza: saa sita na nusu.

Nimeagiza chai nyingine.