Kipimajoto cha Bwate na Mawese ya Mubi

Jumatatu, 7 Julai 1969. Masisi.

Hubert, dereva mwenzangu, amefunga kipimajoto kwenye kamyo yake, lori la mizigo kama letu. Kioo, mshale mwekundu, pete ya shaba inayong'aa! Anasema kinapima joto la bwate, yaani sanduku la gia, na kwamba dereva asiye nacho anaendesha kama kipofu. Aliyasema hayo sokoni, mbele ya Papa Athanase, mwenye kamyo ninayoendesha mimi. Bwate yetu iliungua mwezi wa tano nikiwa kwenye usukani. Papa Athanase akanigeukia: "Edmond, bwate ikiungua tena, utashuka mu kamyo. Jembe njo inakungoya." Watu wakasikia. Hata muuza sabuni akasikia. Nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi napeleka familia yake Kashuga kutoa mahari ya kijana wao Édouard. Lazima niwe na kipimajoto kabla ya siku hiyo. Kikubwa kuliko cha Hubert.

Jumanne, 8 Julai.

Nimepata! Kwenye nyumba ya mzungu aliyekwenda zake kuna tanuri la kukaushia kahawa, na mlangoni mwake kipimajoto kikubwa kama sahani, chenye bomba jembamba la shaba mfano wa mkia. Mlinzi, mzee Hakorimana, alikataa. Nikamwambia nimetumwa na Serikali. Akavua kofia, akakifungua mwenyewe, akaniombea safari njema. Niliona haya mpaka kwenye kona ya barabara. Baada ya kona nikaanza kupiga mluzi.

Alhamisi, 10 Julai. Mubi.

Jana tulifika huku bondeni kwenye joto, tukashusha maharage. Leo kazi! Nimemwaga mafuta yote ya bwate kwenye beseni la Mama Jeannette, ambaye tunalala kwake, nikatoboa kizibo, nikapenyeza mkia wa kipimajoto, nikaziba kwa uzi na sabuni, na sahani yenyewe nikaipachika kwenye tundu nililokata mbele ya usukani. Safi kabisa. Nikaenda kunawa. Kurudi, beseni tupu. Mama Jeannette amepaka mafuta yangu kwenye nguzo zote za nyumba yake! Alikuwa na furaha: mchwa walikuwa wanaimaliza nyumba, na hajapata kuona dereva wa kumfikiria namna ile. "Aksanti kaka Edmond, uko na roho muzuri." Ningemwambia nini? Nikasema karibu.

Nimezunguka maduka yote. Mafuta ya bwate hakuna mpaka wiki ijayo. Kumpelekea Papa Athanase habari hiyo? Afadhali nife. Nikakaa juu ya mzigo kuwaza. Mzigo wenyewe ni mabidoni, madumu ya mawese ya kupeleka Masisi. Mazito. Yanateleza. Mafuta ni mafuta! Nikajaza bwate.

Ijumaa, 11 Julai.

Tumepanda milima. Karibu na Kibua abiria wa nyuma walianza kugonga mbao wakiuliza nani anakaanga ndizi. Mama mmoja mjamzito alidai apewe yake. Nikawaambia harufu inatoka kijijini. Ikatufuata mpaka kijiji kilichofuata, na kingine. Lakini mshale! Uliinuka kidogo, ukatulia kwa adabu.

Tumefika Masisi salama. Papa Athanase alikitazama kipimajoto, akanishika mkono mbele ya Hubert, akasema sasa nimekuwa dereva mwenye akili. Niliona aibu, kwa kuwa mzee wa watu hakujua anachokisifu. Lakini sikuuachia mkono wake upesi. Hubert alinusa hewa, akauliza kwangu kumepikwa nini.

Jumamosi, 12 Julai.

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri, baridi kali. Familia yote imepanda na nguo za sikukuu, mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi, katikati, akina mama wanaimba. Injini imewaka vizuri. Nikasukuma mkono wa gia. Haukwenda. Nikasukuma kwa mikono miwili. Kwa goti! Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Papa Athanase, aliyeketi kando yangu na kofia mpya, alivaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti maneno madogo ya Kifaransa yaliyo chini ya kioo: tanuri la kahawa.

Nikaingia chini ya gari, nikafungua kizibo. Halikudondoka hata tone. Nikatia kidole, kikatoka na kitu kigumu kama siagi. Mawese ya Mubi yakifika kwetu Masisi huganda, kila mtoto anajua! Kila asubuhi mke wangu Élisabeth huweka bidoni kando ya moto kabla ya kupika, na anayemletea kuni ni mimi. Mama Libérata, mke wa Papa Athanase, akainama akatazama kidole changu, akamgeukia mumewe. "Papa Édouard, uyu muntu alitia mawese ya mboga mu bwate!"

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Papa Athanase hakucheka. Alininyooshea kiganja, nikaweka ufunguo. Wakahamia kwenye kamyo ya Hubert na mitungi yao. Édouard, bwana harusi, alinipungia mkono kwa huruma. Natamani angenitukana.

Jumapili, 13 Julai.

Misa. Nilikaa nyuma ya nguzo. Baadaye Papa Athanase aliniita, nami nikalia kabla hajafungua kinywa. Akasema mahari imepokelewa vizuri, na Édouard ameniombea. Akanirudishia ufunguo! Na bidoni jipya la mafuta ya kweli ya bwate, aliyokuwa ameyahifadhi chini ya kitanda. Nioshe bwate, nitie haya, nitoe ile takataka ya kahawa. Akaniita mwanangu. Neno hilo limenichoma kuliko kicheko cha jana. Nimeapa mbele yake kwamba bwate haitaonja tena mafuta ya chakula, na tena njiani peke yangu.

Jumatatu, 14 Julai.

Nimeosha bwate kwa maji ya moto. Kipimajoto cha kahawa nimekirudisha kwa Hakorimana, nikamwambia Serikali inashukuru. Lakini mbele ya usukani limebaki tundu kubwa. Kila abiria ataliona na kukumbuka Jumamosi! Sikuvumilia. Nikaenda kwa Hubert. Tumeelewana: yeye amechukua bidoni la mafuta ya kweli, mimi nimechukua kipimajoto chake cha shaba. Alikitoa upesi ajabu. Nyuma yake hakuna bomba wala waya. Cha kisasa, bila shaka. Mshale unasimama pazuri hata injini ikiwa imezimwa!

Imebaki kujaza bwate. Nimemuuliza Élisabeth, kwa kuzungukazunguka, kama mafuta ya karanga nayo huganda kwa baridi. Amesema hapana, hata huku Masisi.