Njoo Uwachukue Wazazi Wako

Ndugu Juzeri Taherali,
Dar es Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA WAZAZI WAKO MIKINDANI

Pokea salamu, pamoja na pole ya kazi za dukani. Mimi ni Isaya Mwanisawa, karani wa bandari, Mkatoliki, jirani wa wazazi wako kwa ukuta mmoja tangu nihamishiwe huku kutoka Sumbawanga. Nasikia unataka kuwahamishia Dar es Salaam kwa kuwa ndio Mabohora pekee waliobaki mtaani, na unaona wamekuwa wapweke. Naunga mkono hoja. Tena umechelewa, kama utakavyoona hapa chini.

1. Chumvi. Mama yako hamruhusu mtu kugusa chakula kabla hajaonja chumvi, kisha kitangulie kitamu, ndipo pilau lifuate. Sasa mwanangu Tumaini, mtoto wa Utoto Mtakatifu kanisani kwetu, hali ugali wa nyumbani mpaka alambe chumvi, halafu anauliza halua iko wapi. Kwetu kitamu ni muwa, nao huliwa shambani. Mke wangu Elizabeti ameaibika mbele ya mama yake mzazi.

2. Sinia. Desturi yenu ni watu wanane kuzunguka sinia moja, na haanzi mtu mpaka wote wakae. Wazee wako ni wawili tu. Badala ya kununua sinia dogo, baba yako anagonga ukuta. Nikisema nimeshiba, anajibu: vizuri sana, basi njoo ukae tu. Nimekaa tu hadi vifungo vya sare vimegoma.

3. Kalenda. Hapa ndipo uvumilivu uliponiishia. Nyinyi mwezi mnauhesabu kitabuni. Waislamu wengine wa hapa wanangoja uonekane. Kwa hiyo Idi ya baba yako hufika mji ungali umefunga. Nani atakula lile pilau? Ni mimi, madirisha yamefungwa kwa heshima ya waliofunga. Mwezi ukishaonekana, Mzee Momade, Mmakua ambaye wazee wake walivuka Ruvuma zamani wakiwa na Kurani na mbegu za mtama, ananiita Idi ya pili. Nikisitasita ananuna kwamba kwa Mabohora nakula, kwa Wamakua nachagua. Mwaka huu Idi zote mbili zimenikuta ndani ya Kwaresima, na padri amenikuta na paja la mbuzi. Nilimwambia ni ujirani mwema. Akaniuliza kama limebaki.

4. Historia. Nyumba ile aliijenga babu wa baba yako, na baba yako anaijua Mikindani yote: nani alinunua ufuta, nani alikopesha nani, mlango upi ulichongwa na Mmakonde gani. Amenitembeza hata makaburini kwenu, akanitambulisha kwa jamaa zake waliolala pale, mmoja mmoja, nami nikajikuta nawaamkia shikamoo. Matokeo yake ni haya: nilipoletewa uhamisho wa Tanga, wenye cheo juu yake, nilimwambia mkuu wangu kwamba sisi watu wa Mikindani hatuhamihami ovyo. Sisi! Mtu wa Sumbawanga! Kazi yangu imeharibiwa na wazazi wako, ndugu yangu, na hakuna mahakama ya kunisikiliza.

Kwa hiyo wachukue. Ukishindwa, basi leta Mabohora wengine sita wajaze sinia, sisi majirani tupate kukonda.

Nisalimie mkeo, watoto, jamaa wote wa msikitini kwenu, na yeyote aliyewahi kulishwa na mama yako, maana huyo ananielewa.

Wako katika kushiba,
Isaya Mwanisawa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, lori ulilotuma limefika. Dereva wako Fredi, kijana muungwana, alinikuta nje akaniuliza nyumba ya Mabohora ni ipi. Ndani baba yako alikuwa amekaa juu ya sanduku, na Elizabeti alikuwa analia jikoni kwetu. Juzeri, niliogopa. Huku kusini sisi hatuna wazazi wengine. Nikamwambia Fredi kwamba Mabohora wanakaa Kilambo, mwisho wa barabara, mtoni kabisa, akipitiliza ameingia Msumbiji. Mungu anisamehe. Usimfokee kijana wa watu, wala hatashinda na njaa: mama yako alikuwa dirishani, alisikia kila kitu, na chapati za njiani amemfungia kwa mikono yake.