Kaburi la Katekista Kajetani

Jumanne, 11 Juni 2024
Nimerudi Songea jana, baada ya miaka arobaini na minne Tunduru. Leo nimesoma tangazo mlangoni mwa kanisa la zamani: makaburi yasiyo na alama yatasawazishwa Jumamosi saa nne, ijengwe ukumbi. Yatabaki yale tu yatakayotambuliwa na ndugu. Babu Kajetani, katekista, yumo humo. Alama hana. Siku nne!

Binamu yangu Hironimus, ambaye hajawahi kuihama Songea, anasema babu yuko nyuma ya sakristia. Mimi nakumbuka mkaratusi. Nilikuwa na miaka saba siku ya mazishi, lakini macho nilikuwa nayo. Hironimus akacheka mbele za watu: eti Mtunduru amekuja kutuonyesha kwetu!

Jumatano, 12 Juni
Valence, katibu wa kamati ya ujenzi wa ukumbi, ametuonya: bila ushahidi, greda litapita pote pawili. Sikulala vizuri.

Theodosia, binti wa marehemu kaka yangu, ninayekaa kwake Majengo, ameniambia, baba mdogo, si umuulize Bibi Dorine, aliyefagia makaburi yale tangu usichana wake? Nimekataa. Bibi Dorine ni jirani wa Hironimus. Tena mimi ni mtu wa kusoma.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepata! Wazee wetu waliweka sahani ya marehemu juu ya kaburi, imetobolewa. Nimenunua sahani kuukuu ya bati, nimeitoboa kwa msumari, nimeifukia chini ya mkaratusi mchana, watu wakila. Sista mmoja akanikuta nimepiga magoti. Nikasema nasali. Akapiga magoti kando yangu. Rozari nzima, mikono yangu imejaa udongo!

Jumamosi, 15 Juni
Saa nne kasoro. Greda linanguruma. Nikakwangua udongo mbele ya kamati, sahani ikatokea, nikashangaa kwa sauti kubwa. Valence akaanza kuandika.

Mara Theodosia akaja amemshika Bibi Dorine mkono. Tukamwamkia shikamoo. Akaitazama sahani, akauliza ya nani. Nikamwambia.

Kajetani? Mwanangu, Kajetani si ndiye aliyetufukuza makaburini na sahani zetu? Kila Jumapili alihubiri kuwa ni ushenzi. Leo unamwandalia chakula?

Vicheko! Akaongeza kwamba chini ya mkaratusi yuko punda wa masista. Jembe la kumzikia alilishika yeye Bibi mwenyewe.

Valence akafunga daftari. Ukoo wa waongo, akasema, hata huyo mwingine simwamini. Akamwashiria dereva. Hironimus akanishika bega, uso umempauka: ndugu yangu, sema kweli, babu anaondoka!

Nikakiri. Kila kitu, hata rozari. Bibi Dorine akatupeleka nyuma ya sakristia, akasema kaburi lilizungushiwa matofali, sasa yamefunikwa na udongo. Hironimus akafukua kwa mikono: safu ya matofali, kama Bibi alivyosema. Valence akapiga kigingi. Greda likapita pembeni. Nililia.

Jumapili, 16 Juni
Nimekula kwa Hironimus. Hakunisimanga. Aliwaza tu kwa sauti kuhusu mke wa Kajetani, bibi yetu: amelala wapi? Bibi Dorine, aliyekuwa mkekani pamoja nasi, akafungua kinywa. Nikamwomba asijichoshe. Mahali napajua. Kesho nachora ramani.